Namba Thelathini na Saba

Karatasi zilikuwa arobaini. Tatu niliziharibu:
moja kwa wino, moja kwa chai,
moja kwa kuwa umeme ulikatika nikiwa katikati ya *Hongera*
na mimi, kwa ubishi, nikaimalizia gizani.

Zilizobaki nilizipiga chapa usiku kucha ofisini,
mshumaa juu ya kabati, vidole vinanuka utepe,
na Goma nje imelala kwenye mawe yake meusi.
Prefe alikuwa amesema: "Mama Wivine, kosa lisionekane.
Shule tisa zitakuwepo. Wazazi watazitundika ukutani."

Nikaanza na Asifiwe Bauma, mwaka wa sita,
asilimia themanini na nne, mtihani wa serikali.
Karatasi ina nafasi ya jina, ina nafasi ya alama.
Haina nafasi ya bidoni mbili za maji
zinazopanda kutoka ziwani kabla ya kengele,
wala ya kaka yake na chukudu lake la makaa,
anayeteremka bila breki
ili primi ilipwe kabla ya tarehe kumi.
Nikapiga: 84. Nikavuta nyingine.

Tumsifu, wa kwanza katika imla.
Huyu alitujia katikati ya mwaka, kutoka kambini,
na daftari lililokatwa kwa kisu:
nusu yake, nusu ya dada yake.
Maneno yake yote ni madogo, yamebanana,
kama watu waliozoea kulala wengi.

Mwalimu Bashizi, kemia.
Maabara yake ni chupa tatu, majivu, ndimu,
na ua jekundu aliloliomba kwa masista.
Akilikamua, rangi ikageuka,
hata wale wa dirishani huacha kutafuna.

Mama Odeta, darasa la kwanza: watoto sabini na wawili,
chaki moja kwa siku mbili.
Hajatoka kwake mtoto asiyejua kuandika jina lake.

Nikafika namba thelathini na saba.
Orodha ilisema tu: SANTINELE.

Saa tisa za usiku.
Miaka kumi na mmoja napita langoni kwake,
namwambia jambo, ananiambia jambo mama.
Usiku ule mlima ulipofunguka
ni yeye aliyebeba rejista zote mgongoni hadi Sake,
akaacha godoro lake.
Jina la kila mtoto liliokoka. La kwake sikulijua.

Nikamwendea na mshumaa.
Alikuwa anaota moto wa makaa, koti limefungwa hadi shingoni.
"Mzee, jina lako nani?"
Akacheka. Kisha akanyamaza,
kama anayepapasa mifuko kutafuta ufunguo wa nyumba ya zamani.
"Mumbere," akasema. "Mumbere Syahetera.
Na uangalie, mama, kuna *h* hapo. Watu huisahau."

Jumamosi, turubai la parokia, kipaza sauti kinakoroma.
Poda ilimwagwa vichwani tangu saa tatu,
uwanja wa lava ukawa mweupe kama umeangukiwa na unga,
Asifiwe haonekani macho, meno tu.
Walimu walipigiwa vigelegele, Bashizi akalia, akasingizia poda.

Prefe akasoma: Mumbere Syahetera.
Kimya.
Watu wakageuka kutazamana: nani huyo?
Mpaka mtoto mmoja wa Mama Odeta
akamwona mtu akivuka uwanja, kofia mkononi:
"Si ni Santinele!"
Basi uwanja ukapasuka. Kopo zima likamwishia kichwani.

Jioni, viti vikirudishwa parokiani,
alikuja mlangoni kwangu na karatasi,
ameishika kwa ncha za vidole kama chapati ya moto.
"Nionyeshe," akasema, "ile *h* iko wapi."
Nikakichukua kidole chake, nikakiweka juu yake.
Kilipoondoka, herufi ilikuwa nyeupe.