Zoezi la Kutua, Raskazone

Saa kumi na moja alfajiri. Maji yamekupwa kupita hesabu za luteni,
boti la mpira likakwama fungu
mita mia mbili kabla ya adui ambaye hakuwepo.
"Ruka!" Tukaruka.
Buti zikanywa bahari, kila moja kibaba na nusu,
na mimi, mtoto wa Chumbageni, mzaliwa wa pwani,
niliyefundishwa kuogelea na koplo Chilewa, Mgogo
aliyeiona bahari akiwa na miaka ishirini na mbili,
nikatapika polepole ili sajini asisikie.

Hapa hapa, babu wa mama yangu aliwahi kulala kifudifudi
na bunduki ya Mjerumani,
akiwangoja watu walioletwa na meli kutoka Bara Hindi,
waliotua wakiyumba, ardhi bado inawapandisha, inawashusha.
Kisha nyuki wakatoka.
Babu alisimulia nyuki tu. Vita hakuvisimulia.
Nyuki, alisema, hawasomi bendera.
Alisema mgeni mmoja alivua kilemba chake
akamfunika mwenzake uso, mwenyewe akabaki wazi,
na babu akasahau kwamba ameshika bunduki.

Sasa aliyetoka majini ni mimi.
Damu yake, upande wa pili wa mtutu ule.

Tulitambaa. Mwani ukaingia kolani.
Kushoto kwangu Sekiete, Mbondei wa Muheza, mtu wa machungwa,
aliyekuwa akiiita bahari "hilo bwawa lenu".
Mbele, taa tatu ndogo zikatembea chinichini.
"Adui," akanong'ona.
Risasi zilikuwa baridi. Vidole havikujua.

Walikuwa wanawake waokota kome,
kanga zimekazwa kibwebwe, tochi, ndoo kuukuu za rangi.
Na wa katikati alikuwa mama.

Alinimulika.
Nilikuwa nimepakwa masizi uso mzima,
majani kwenye helmeti,
miezi sita nafundishwa kutoonekana.
"We Bofulo," akasema. "Umekula?"

Askari anayetambaa hajibu raia. Ndiyo kanuni.
Nikapita ubavuni mwa ndoo yake,
nikasikia kome zinagongana ndani,
nikasikia, "Haya, pita, baba," kama mtu anayepisha mkokoteni,
na nyuma yangu kikosi kizima kinauma mikono ya kombati.

Tangu siku ile namba yangu ilibaki kwenye makaratasi.
Bofulo, lindo la pili. Bofulo, injini imegoma.
Miaka kumi na tisa ya chumvi,
doria ambazo kazi yake kubwa ni kungoja,
chai yenye ladha ya dizeli,
kutazama maji mpaka maji yanaanza kukutazama.
Uliua wangapi? Ndilo swali la watu vibarazani.
Hatukupigana na mtu.
Bahari ilimchukua Sekiete bila vita:
kamba ilikatika, usiku wa kawaida, mawimbi ya kawaida,
na Chilewa, yule yule Mgogo, alizama mara kumi na moja,
akatoka mikono mitupu,
akakaa sitahani akivitazama vidole vyake
kama anavihesabu.

Muheza, matanga yasiyo na kaburi.
Turubai la bluu, viti vya shule, watoto wanamenya machungwa.
Niliitwa mlango wa nyuma.
Mjane alinitazama kuanzia buti,
akapanda taratibu mpaka usoni.
"Wewe ndiye Bofulo," akasema,
akacheka, akalia, sijui kipi kilitangulia.
Alikuwa amesimuliwa yote: tochi, ndoo, masizi.
Kila likizo, alisema, alikuwa akiisimulia upya,
na kila mara taa zilizidi; mwisho zilifika tisa.
Akanishika kiwiko, akaniwekea sahani mikononi.
"Umekula?"

Nikajikuta nimesimama wima, visigino pamoja.
"Bado," nikasema.

Wali ulikuwa na changarawe.
Niliumaliza.