Anayevukuta

Saa nane usiku, Chiromo. Mlinzi kazima taa za ngazi,
nimebaki na galaksi moja na chai iliyopoa.
Kwa jicho tupu ingeng'aa kama sufuria mpya.
Kwa eksirei imejifunika gesi ya moto, digrii milioni kumi,
na ndani ya gesi, kushoto na kulia,
mashimo mawili.

Nilidhani ni kasoro ya kamera. Nikataka kuyafuta.
Daktari Moraa akasema, "Acha. Hapo pana aliyepuliza."

Kaka yangu Barongo alivukuta tanuri Kariobangi miaka tisa,
akiyeyusha alumini chakavu.
Siku ile Mbagathi tuliinua picha ya kifua chake dirishani:
mashimo mawili. Nesi akayazungushia kalamu
bila kusema neno.
Sikuhitaji kufasiriwa.

Ila haya ya juu hayakuliwa na kitu.
Lile shimo jeusi la katikati halimezi tu, hucheua pia;
pumzi yake huisukuma gesi kando,
na gesi, ambayo kwa hesabu zetu
ingekwisha kupoa zamani, kama chai hii,
bado ina moto.

Nimepima upana: miaka ya nuru elfu thelathini na moja.
Nimeandika. Nimefuta. Nimeandika tena.
Barongo asingejali upana.
Angeegemea koleo lake, akohoe kwanza,
kisha aulize:
na huyo anayevukuta huko,
nani humpokea zamu?