Kabla ya Mlango

Aurelijus, fundi wa lifti mjini Kaunas,
nyumbani kwake hupanda kwa miguu.
Ghorofa ya tatu huketi ngazini,
theluji ikimyeyukia viatuni,
akahesabu: neno la msimamizi, moja;
mkono wa baba, ulioinuliwa tangu utotoni,
haujashuka bado: mbili.

Jirani alidhani amepoteza ufunguo.
Akamletea chai.

Zamani alikuwa akiingia navyo vyote.
Viulize vikombe.

Jana mlango wa juu ulifunguka.
Ugnė, miaka saba, soksi mguu mmoja,
akashuka, akaketi.
"Umefika ngapi?"
"Bado kidogo."
Akamwegemea begani, akangoja
kama angojaye maji yachemke,
bila kuuogopa mvuke.

Huko ndani viazi vikaungua.
Hakuna aliyepiga kelele.