Robo Mzunguko

Tulikuwa na milioni tatu na laki mbili,
noti nyingine bado zinanuka mafuta,
maana Kagoya aliuza mandazi mapumziko yote ya muhula wa kwanza
na daftari la hesabu lilikaa mkobani mwangu.

Kosa letu lilikuwa kuiita mashine ya kusaga.
Mkuu wa shule alifurahi mno,
akaona posho ya wanafunzi mia tisa ikishuka bei.
Ilibidi Isabirye achore ubaoni:
meza hii huenda kushoto na kulia, mbele na nyuma,
jino hili huzunguka juu yake,
nacho chuma hung'atwa kidogo kidogo
hadi kiwe mkono wa roboti.
"Na unga?"
"Utakuwepo, mwalimu. Ila wa alumini."

Kampala, duka la ghorofa ya pili,
tuliiona mpya, nyekundu, ndogo kama cherehani,
ingali imevaa nailoni.
Milioni tano bila kodi, bila jiliwa, bila visu.
Opolot aliweka kiganja shingoni mwake, akasukuma.
Shingo ilikubali.
"Chuma kinachosema ndiyo upesi hivi," alisema,
"kitakuuza kwenye milimita."
Muuzaji akatufungulia mlango.

Kulikuwa na nyingine ya bei yetu hasa:
fremu ya mbao za gundi, mota ya kutobolea kuta.
Plastiki iliikata kama jibini.
Alumini iliifanya ilie.
Nikaiandika daftarini, nikaifuta,
usiku nikaiandika tena.

Ya tatu ilikuwa kwetu Jinja, huko Masese,
nyuma ya kiwanda cha nguo kilichofungwa kabla hatujazaliwa,
chini ya magunia na kinyesi cha popo.
Kilo mia saba. Ukikwangua kutu, kijani.
Magumba, mlinzi wa stoo, alitaka milioni mbili na nusu,
"na msije kunirudishia."

Nilishika gurudumu lake, nikazungusha.
Meza haikusogea.
Nikaendelea, robo mzunguko mzima wa hewa tupu,
ndipo ikashtuka, ikaanza kwenda
kama mtu aliyeitwa mara ya pili.

"Skrubu imeliwa," nikasema, nikafunga daftari.

Kagoya hakunijibu. Alizungusha kwenda, akarudisha,
akazungusha kwenda, macho kayafumba,
mara kumi na moja, midomo ikihesabu.
"Inapoteza robo," akasema, "lakini ni robo ileile.
Mwongo mwenye kipimo kimoja
unaweza kumpigia hesabu."

Lori la miwa, laki nne.
Vijana wanane, magogo ya kuviringishia, kidole kimoja cha Opolot
(ukucha umeanza kuota).
Haikuja shuleni: yenyewe hunywa umeme wa nyaya tatu
na shule ina mmoja, nao huzimika saa ya marudio.
Iko Walukuba kwa Nabirye, mchomeleaji wa madirisha.
Jumamosi ni yake. Siku nyingine, baada ya masomo, yetu,
mradi tufagie na tusiguse kikombe chake.

Zilibaki laki tatu:
visu viwili, mafuta ya kukatia,
na mandazi, safari hii ya kula.

Kipande cha kwanza nilikichonga mimi.
Bega la roboti, alumini ya sufuria kuukuu
tuliyoyeyusha kwa mkaa.
Vinyweleo vya chuma viliniruka nyweleni, vya moto,
na Nabirye alizima mashine yake ya kuchomelea ili aangalie.
Wa kusahau ile robo nilikuwa mimi.
Tundu likaenda pembeni, milimita moja na robo kamili.
Kagoya alipima mara mbili, akacheka hadi akakaa chini.

Kipande kipo mkobani, ndani ya daftari,
kati ya ukurasa wa mapato na wa matumizi.
Bado sijajua nikiandike upande gani.