Kusoma Ng'ambo

Meza yangu iko chini ya ngazi, Mtaa wa Luthuli,
kati ya muuza spika na muuza chaja,
upana wake hautoshi kulaza mtoto.
Hapa ndipo nilipolipa karo ya Syokau,
betri moja moja, mkanda mmoja mmoja,
na vioo vya saa za watu waliokimbia mvua wakaanguka.

Siku ya kuondoka alivaa koti la Gikomba,
zito kama deni.
Mfukoni tulikuta tikiti ya basi, lugha hatuijui.
Nikamwambia: mwanangu, koti hili linajua njia,
wewe lifuate tu.

Ukutani nimetundika mbili, ya Nairobi na ya Tartu.
Mwezi wa kumi serikali yao ilirudisha wakati nyuma
saa nzima,
na hakuna aliyeandamana.
Mwisho wa Machi wakausukuma tena mbele,
sasa zinakwenda sambamba kama maksai wa nira moja.
Mimi niliyezeeka nikisukuma mishale ya watu
sikujua kuwa hata ya nchi husukumwa.

Desemba aliandika:
Baba, leo jua limechomoza saa tatu.
Limetua saa tisa na ushei, sijatoka maabara.
Nikabaki na bisibisi mkononi.
Watu hao, saa yao ya kwanza
huihesabu kutoka wapi?
Sisi jua likitoka, siku imefunguliwa, tunasema moja.
Wao huamkia gizani
kama mwizi, au muuza maziwa.

Akaandika: kahawa hapa ni bei ya mkanda wa ngozi.
Akaacha kunywa. Kisha akaacha kuhesabu kwa shilingi,
akanywa.
Akaandika: baiskeli yangu imeibwa.
Nilicheka peke yangu, Mungu anisamehe. Kumbe hata huko!
Akaandika: nimesonga ugali kwa chengachenga za ngano,
msichana wa Kilithuania akaula kwa uma.
Jumamosi huosha sahani za mgahawa
mpaka vidole vinakunjamana.
Alikwenda Riga kwa basi, kuona tu,
akalala kituoni mkoba ukiwa kati ya miguu,
akatuma picha ya mto ulioganda,
watu wanatembea juu yake na mbwa.
Mama yake aliifunika simu kwa leso.
Asije naye akajaribu.

Usiku mmoja wa baridi ile alipiga, asiseme kitu.
Huku jioni ilikuwa haijaisha kelele.
Nikamsikia akipumua,
nikaielekeza simu barabarani:
kijana wa spika akijaribu besi,
honi, mkokoteni, mama wa mahindi akigombana na chenji,
mpaka akasema, haya Baba, inatosha.

Majuzi akaniambia: Jumapili nitakupigia saa mbili.
Jumapili, saa mbili, nimeshaketi,
shati la kanisani, simu imejaa chaji.
Ikapita tatu.
Ikapita nne, ibada ikaanza bila sisi.
Iliita mchana, wali umepoa,
naye mchangamfu, haombi hata radhi.
Nikainua macho. Mshale mfupi ulikuwa umegota mbili, kweli.

Sisi hapa ndio tunaosoma ng'ambo:
mshale ukigota mbili tunasema nane,
ukigota nane tunasema mbili,
hivyo hivyo tangu babu zetu walipoziona saa,
wala hatujakosana.
Yeye amevuka bahari kwenda kusoma ng'ambo,
akajifunza kusoma pale pale mshale uliponyooka.

Sikumsahihisha.
Nilimuuliza amekula nini.

Leo nimefungua saa ya mwalimu mmoja,
haina ugonjwa, ni vumbi tu.
Mtoto wa shule akasimama mbele ya meza:
Mzee, ni saa ngapi?
Swali nililojibu miaka thelathini bila kuinua kichwa.
Nikakawia.
Nikamgeuzia uso wa saa, asome mwenyewe.