Barua ya Kufunga Shule, Igombe

Wazazi wa Igombe,
nawe bibi yake Kashinje usiyejua kusoma
ila hutaka usomewe mara mbili:
tunafunga Ijumaa, saa nne asubuhi.
Ripoti nitampa mtu mzima, mkononi.
Mwaka jana mbili tulizikuta sokoni
zimefungiwa karanga.

Januari kila mtoto aje na ufagio wa chelewa,
ndoo yenye mfuniko,
na viatu. Nasema viatu, si kimoja.
Kabatini mwangu yamelala masweta tisa
na kandambili ya kushoto.

Dagaa wasianikwe tena uwanjani.
Kunguru wanaingia hadi darasa la tatu,
somo linageuka kuhesabu kunguru.

Choo cha wasichana kimeezekwa, tushukuru.
Bati la mwisho bado linapigapiga
upepo wa ziwa ukija;
misumari ninayo, nyundo ndiyo sina.
Uji uliisha Oktoba.
Mnajua. Watoto walikuja nyumbani na njaa yao.

Jambo la mwisho ni Shija wa darasa la nne,
aliyemfuata baba yake kambini, kisiwa cha Kome.
Anacho kitabu chetu cha Hesabu, namba kumi na saba.
Atakayevuka kwenda huko amwambie
Mwalimu Nyamizi anakidai,
tena asimpe mtu amletee.
Aje nacho mwenyewe,
hata kama kimelowa,
hata kama kinanuka samaki.

Dawati lake, lile la dirishani,
sijamkalisha mtu.