Jiwe la Kati

Kidato cha mwisho sikukihesabu.
Mkononi ndoo ya chokaa, nyumba ya Kiponda,
ile yenye kisima ndani na ghorofa tatu,
ngazi yake vidato havilingani kimo,
kila kimoja na fundi wake, kila kimoja na tabia yake.
Vidole vikatangulia chini, kisigino kikabaki juu,
na uzito wangu wote, pamoja na ndoo,
ukamwagika katikati.

Mwenye nyumba aliulizia kwanza chokaa.

Bi Subira wa Kikwajuni akanikanda,
mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu,
akavuta, akabonyeza, akanisomea.
Nilivumilia. Fundi hapigi kelele mbele ya fundi.
Hospitali nikalazwa, nikapigwa picha,
kijana akaiinua kwenye mwanga:
"Mzee, mifupa mizima."
Nikarudi na panadoli na furaha nusu.

Siku ya nne mjukuu wangu Nunuu,
kajilaza mkekani, kichwa miguuni pangu:
"Babu, umekanyaga zambarau?"
Doa.
Limeiva katikati ya wayo,
pale ambapo hata mchanga wa pwani haupagusi.

Safari hii zamu ilikuwa ya Ruwaida.
Hakutaka nilale. "Simama, fundi."
"Siwezi kusimama."
"Huko kutoweza ndiko ninakotaka kukuona."
Nikashika ukingo wa meza, nikaupa mguu mwili wangu,
jasho likalowesha kofia.

Akaziweka picha mbili sawia.
Ya kulala: mifupa imejipanga kama safu ya msikitini.
Ya kusimama: baina ya mfupa wa kidole gumba na wa pili,
pengo. Dogo. Ncha ya mwiko ingepita.
Akasema mfupa wa pili umeingia ndani kuliko wenzake,
umebanwa huku na huku, ndio unaofunga tao,
na ugwe mmoja wa kano, wa mshazari, ndio unaoushika.
Ugwe umekatika.
Jiwe halikuvunjika, limehama.

Sikumwacha amalize.
Miaka thelathini na minane nafunga matao mji huu.
Jiwe la kati likicheza, hata upana wa kucha,
ukuta hausemi siku hiyo.
Unangoja masika. Unangoja wageni wa harusi wajae ghorofani.
Mimi mwenyewe huwaambia wenye nyumba:
tao ambalo halijabeba, usilisifu.
Na kumbe natembea juu ya mawili,
sijapata kuyakagua.

Skrubu mbili. Wiki nane mguu haujui ardhi.
Magongo yananichuna makwapa,
na chooni, wacha nisiseme.
Nimempelekea Bi Subira salamu:
akiliona doa lile chini ya wayo wa mtu, asikande.
Hakupenda. Lakini aliuliza,
"Rangi yake hasa ilikuwaje?"

Kiponda sasa yuko Ngwali, mwanagenzi wangu, peke yake.
Jioni huja, miguu myeupe kwa chokaa, kunipa habari.
Tao la mlango wa kisima amelifunga,
mbao za kushikizia amezitoa.
"Limesimama?"
"Limesimama."
"Umelipanda?"
Akatazama plasta yangu, akanyamaza.
Kesho, nikamwambia. Panda.
Kwanza wewe,
halafu wewe na ndoo.